Mtarajiwa Miaka Mitano? Huyo Si Mtarajiwa, Huyo ni Mtia Nia!

Gumzo la mjini wiki hii ni lile lile, sura tu ndiyo mpya. Mwanadada mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, amefuta picha zote za jamaa kwenye ukurasa wake wa Instagram. Zote kabisa. Za Zanzibar zimeondoka, za bethidei zimeondoka, na ile ya pete iliyopigwa karibu mpaka rangi ya kucha inasomeka nayo imeondoka. Pale juu palipokuwa pameandikwa kwa mikogo "Mrs. to be" sasa pamebaki kimoyo na namba ya kuagiza mawigi.

Mashabiki wameshagawana. Wapo wanaosema dada kapigwa chini, wapo wanaosema kachomoka mwenyewe baada ya kugundua mchepuko, na wapo wanaoapa kuwa yote ni kiki kwa sababu kuna filamu inatoka mwezi ujao. Sawa, wabishane. Ila kuna swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza: kwa miaka yote ile mitano, huyu dada alikuwa nani kwa huyu jamaa? Ile "to be" ilikuwa inasema nini hasa?

Maana mjini hapa kila mtu ni "to be". Wife to be, hubby to be, Mrs. to be, mama wa watoto to be, mkwe to be. Siku hizi wameongeza na "would be", wanaiandika bila hata kuuliza maana, "dinner with my would be husband", vimoyo vitatu, mshumaa, glasi mbili. Kiingereza ni lugha ya watu, hakuna anayekatazwa kukitumia. Lakini ukivaa shati la mtu ni vizuri ukajua limeandikwa nini mgongoni.

Kiingereza kina maneno kadhaa ya kumweleza mtu ambaye bado hajawa ila atakuwa. Kuna "to be" yenyewe, inayokaa nyuma ya jina, "bride to be", "mother to be". Hii ni ya jambo lililoiva: tarehe ipo, ukumbi umelipiwa, au tumbo linaonekana. Kuna "elect", ya mtu aliyekwishachaguliwa na sasa anasubiri kuapishwa, ndiyo hiyo Kiswahili kinaita mteule, kama rais mteule. Halafu kuna "would-be", inayotangulia jina, na hii ndiyo inayowaumbua watu.

Soma habari za Kiingereza uone inatumikaje. "Would-be robber" ni kibaka aliyeingia dukani na panga akatoka akikimbizwa na wauza chipsi. "Would-be assassin" ni yule aliyefyatua risasi akakosa. Ni neno la mtu aliyetaka kuwa kitu, akatamani, pengine akajaribu, na mara nyingi akatoka kapa. Wala kejeli hiyo si ya leo. Ben Jonson, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza wa zama za Shakespeare, kwenye mchezo wake wa Volpone alimpa mhusika mmoja jina la Sir Politic Would-be, bwana mmoja wa mikogo aliyejiona anajua siri zote za dunia kumbe hajui lolote. Hiyo ni zaidi ya miaka 400 iliyopita na tayari neno lilikuwa la kuchekea watu. Leo dada wa Sinza analiweka chini ya picha ya mwanaume wake akidhani anamheshimu.

Kuna watakaosema lugha hubadilika, na hapo wana hoja. Kule India, kwenye Kiingereza chao, "my would-be" ni mchumba wa kweli kabisa na hakuna anayecheka. Ila neno lile kule limepata heshima kwa sababu nyuma yake kuna familia mbili zilizokaa chini zikakubaliana. Wazee wameonana, siku inajulikana. Huku limekuja neno peke yake, familia zimebaki huko huko.

Sasa warudi kwenye Kiswahili, maana blogu za udaku nazo hazina usafi hapa. Neno lao kipenzi ni "mtarajiwa". Mume mtarajiwa wa staa fulani, mke mtarajiwa wa msanii fulani. Ni neno zuri, limekaa kiungwana. Ila tazama lilivyoundwa. Limetoka kwenye kutarajia, na lina ile "wa" ya kutendwa mwishoni. Mtarajiwa ni mtu ambaye kuna mwingine anamtarajia. Mgeni anatarajiwa na mwenyeji wake, ndiyo maana kuku anachinjwa. Mvua inatarajiwa na mkulima, na Mamlaka ya Hali ya Hewa inamwambia zitaanza wiki gani. Mke mtarajiwa je, anatarajiwa na nani? Kwa haki anapaswa atarajiwe na mwanaume, na mama wa mwanaume, na mashangazi ambao wameshaanza kuulizana sare ni kitenge gani. Kwenye kurasa nyingi za mjini hali siyo hiyo. Anayetarajia ni yeye mwenyewe. Dada anajitarajia.

Linganisha na mama kijacho. Hilo neno lina adabu yake, kwa sababu kinachokuja kinakuja kweli, na kina kadi ya kliniki na tarehe ya makadirio. Mama kijacho wa miaka minne angekimbizwa Muhimbili usiku huo huo. Mke mtarajiwa wa miaka minne anapewa mialiko ya kuwa mgeni rasmi kwenye kitchen party za wenzake.

Kiswahili kina neno linalowafaa zaidi watu hawa, na kila msimu wa uchaguzi linasikika kila kona: mtia nia. Mtia nia kwenye siasa anajulikana. Anachukua fomu, anapiga nayo picha akiwa ameshikilia juu juu, anaweka mtandaoni, watu wanampongeza, tayari wapo wanaomwita mheshimiwa. Bado kuna kurudisha fomu, kuna kura za maoni, kuna vikao vya kukata majina, kuna uteuzi wa Tume, kuna uchaguzi wenyewe, kuna kiapo. Watia nia mamia kwenye jimbo moja la mjini, mbunge mmoja. Na hakuna anayeshangaa wengine wakipotea, kwa sababu wote wanaelewa kuwa kutia nia ni kusema tu "na mimi nipo".

Wanaume wengi wanaoitwa "hubby to be" mjini ni watia nia. Wamechukua fomu, hawajairudisha.

Na siyo kwamba hatua hazijulikani. Kila kabila na kila dini Tanzania ina ngazi zake na karibu zote zinafanana. Kuna mshenga, mtu mzima mwenye heshima zake, anatumwa. Kuna barua ya posa, inapelekwa kwa wazazi, inajibiwa au inarudishwa. Kuna kishika uchumba, ambacho jina lake tu linajieleza, kuna kitu kimetolewa mbele ya mashahidi ili uchumba ushikike. Kuna kikao cha mahari, ambacho kwa wengine kinaweza kuvunjika kwa sababu ya mbuzi mmoja. Ndiyo kwanza hapo binti anaitwa mchumba wa mtu. Makanisani majina yanatangazwa Jumapili tatu ili mwenye pingamizi ajitokeze. Serikali nayo haikukaa nyuma, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla. Kwa Waislamu mambo ni mafupi zaidi: posa ni ahadi, ndoa ni akdi, na kabla ya akdi wawili hao ni ajinabi hata kama bibi kaposti picha mia.

Tazama kitu kimoja katika ngazi zote hizo. Hakuna hata moja ambayo mtu anaipanda peke yake. Mshenga lazima awe mtu mwingine. Barua lazima ipokelewe. Tangazo la kanisani linasomwa na mchungaji au padri, siyo na bibi harusi. "To be" ya Instagram inahitaji simu na bando la siku.

Ndiyo maana ukitaka kujua uchumba fulani wa mjini uko wapi, usisome ukurasa wa mwanamke, nenda kwa mwanaume. Kwa dada kuna pete, kuna "my forever", kuna "Mungu ni mwema". Kwa jamaa kuna gari, kuna jezi ya Simba au Yanga, kuna tangazo la kampuni ya kubeti, na picha moja ya yeye na mama yake siku ya Mama Duniani. Mwimbaji mmoja maarufu alishaulizwa kwenye mahojiano ya redio kuhusu "mke wake mtarajiwa", akacheka, akasema "ah, ni mtu wangu wa karibu sana". Mtu wa karibu! Mwenzie wakati huo ameshachagua rangi za maids.

Wanaowatetea wana silaha moja kubwa, nayo ni ule msemo wa kauli huumba. Wanasema mtu akikiri jambo jema linakuwa, ajiite mke na atakuwa mke, na anayepinga ana roho ya korosho. Makanisa mengine yameongeza mbolea hapo, kukiri kwa kinywa kila asubuhi, jina la mume mtarajiwa linaandikwa kwenye karatasi linapelekwa madhabahuni. Imani ya mtu haiguswi. Lakini hata kwa imani hiyo hiyo, kauli inaumba kwa mwenye uwezo wa kutenda anachokisema. Mwanafunzi anayejiita daktari mtarajiwa ana mantiki kwa sababu kusoma anasoma yeye, na mtihani anafanya yeye. Ndoa ni ya wawili. Mmoja akikiri kwa miaka mitano na mwenzie kanyamaza, kinachoumbwa ni mazoea tu, na hakuna mwanaume aliyezaliwa na mama atakayekimbilia kulipa mahari kwa kitu ambacho tayari anapikiwa, anafuliwa na kuitwa mume bila kutoa hata kreti ya soda.

Na wala ugonjwa huu haupo kwenye mapenzi tu. Muziki nao una "upcoming" wake. Kwa Kiingereza sanifu "upcoming" ni ya tukio linalokaribia, kama tamasha la wiki ijayo. Msanii anayepanda anaitwa "up-and-coming". Bongo na Nairobi wameyachanganya, na hapo hakuna kosa kubwa, kinachochekesha ni kuwa kuna watu wana miaka kumi na miwili kwenye muziki, watoto wanasoma sekondari, bado wanatambulishwa jukwaani kama upcoming. Anakuja kutoka wapi huyo, Kigoma kwa miguu? Lakini msanii akikwama anajidhuru mwenyewe na bajeti ya studio. Kwenye ndoa kuna mtu mwingine anayelipa.

Hapo ndipo utani unapoishia. Dada akishajiita mke mtarajiwa, anaishi kama mke. Anahamia. Anaacha kazi ya saluni Mwenge kwa sababu shemeji kasema mke wa staa hawezi kusuka watu. Anasimamia ujenzi Kibada, anabishana na fundi kuhusu nondo, hati ya kiwanja ina jina la jamaa peke yake kwa sababu "si tutakuwa kitu kimoja tu". Wakwe wanauguzwa na yeye. Mtoto anazaliwa. Yote hayo anayafanya kwa mkopo, dhamana yake ni neno moja la Kiingereza lisilo na tarehe.

Wanaume nao wasijifanye hawahusiki, yapo yanayowakuta. Ule msemo wa "mchumba hasomeshwi" haukutoka hewani. Jamaa wa bodaboda analipa ada ya chuo ya "wife to be" miaka mitatu, siku ya mahafali anaona picha mtandaoni, mwenzie kavaa joho, pembeni yake kuna mwanaume mwingine na ua. Kapsheni: "my would be". Wanaume humalizana na hili kwa kulewa na kusambaza vocha walizotuma, wengine, Mungu apishe mbali, kwa ngumi na hata visu, na mahakama za jinai haziulizi nani alimsomesha nani.

Kumbe sheria ipo na watu wanakaa nayo kama kabati lisilofunguliwa. Kifungu cha 69 cha hiyo hiyo Sheria ya Ndoa ya 1971, kwa Tanzania Bara, kinamruhusu mtu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kufungua kesi ya madai, awe mwanaume au mwanamke. Ila asidhani atalipwa machozi. Fidia haizidi hasara halisi iliyotokana na gharama alizoingia kwa sababu ya ile ahadi: pesa ya ukumbi, shela, kadi, nauli za wazee kutoka Bukoba. Aliyeahidi akiwa chini ya miaka 18 hashitakiwi. Kifungu cha 71 kinagusa zawadi, ambazo zinaweza kudaiwa zirudi kama mahakama itaridhika kwamba mtoaji alizitoa kwa sharti la ndoa kufungwa, vinginevyo hapana. Kwa hiyo iPhone ya Valentine imekwenda hiyo, asahau. Kenya nao, kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, kifungu cha 76, wanasema ahadi ya kuoa haimfungi mtu, ila mwenye hasara halisi anaweza kulipwa hasara hiyo.

Na wenye lugha yao je? Uingereza ilifuta kabisa kesi za kuvunja ahadi ya ndoa. Sheria yao ya mwaka 1970, iliyoanza kutumika Januari 1, 1971, ilisema makubaliano ya kuoana hayana nguvu ya mkataba, na pete ya uchumba ikahesabiwa kuwa zawadi ya moja kwa moja, labda ithibitishwe ilitolewa kwa masharti. Yaani mwaka ule ule ambao Tanzania ilikuwa inaandika sheria ya kumlinda mchumba aliyeachwa, Waingereza walikuwa wameshatupa yao. Halafu dada wa Tabata anaacha "mchumba", neno ambalo sheria ya nchi yake inalijua maana yake, anakimbilia "to be" ya watu ambao kwao haimdai mtu hata shilingi.

Mahakamani ahadi inathibitishwa. Nani alikuwepo? Barua iko wapi? Kishika uchumba kilipokelewa na baba mdogo yupi? Hapo mwenye mshenga ana shahidi. Mwenye kapsheni ana picha ya skrini ya maneno aliyoandika mwenyewe.

Lakini baya kuliko yote, na hili blogu hazisemi kwa sababu haliuzi, ni kwamba neno "mtarajiwa" linaweza kumgeuka mwenye nalo. Kuna kifungu cha 160. Kinasema mwanaume na mwanamke wakithibitika wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira ambayo watu wanaowazunguka wamewachukulia kuwa mke na mume, basi sheria itadhania kuwa walioana, mpaka atokee wa kuthibitisha vinginevyo. Maelfu ya wanawake wanaoishi kwa mtindo wa "tuanze tu, harusi baadaye" wanakitegemea kifungu hiki hata kama hawajawahi kukisikia. Na soma tena sharti lake: wachukuliwe kuwa mke na mume. Siyo wachumba. Siyo watarajiwa. Sasa mtu ameishi na jamaa miaka mitano nyumba moja, majirani wanamwita mama fulani, kila kitu kipo. Jamaa anafariki ghafla. Kwenye kikao cha ukoo cha mirathi kaka wa marehemu anatoa simu mfukoni: huyu hapa mwenyewe, kaandika mwezi uliopita, "mke mtarajiwa". Anatarajiwa. Bado. Wakili yeyote aliyeamka vizuri asubuhi ataishikilia hiyo kama kupe. Mwaka wa kwanza wa uchumba neno lilimwongezea hadhi asiyokuwa nayo, mwaka wa tano likamwondolea hadhi aliyokuwa ameshaipata. Kwa nje watu wanaona ni neno lile lile.

Siyo kwamba hapo ndiyo mwisho wake. Hata dhana hiyo ya ndoa ikipinduliwa, kifungu hicho hicho kinaipa mahakama nguvu ya kutoa amri za matunzo na za watoto, na Mahakama ya Rufani ilishaeleza miaka ya 1990 kwamba mali waliyochuma wawili hao nayo inaweza kugawanywa. Hata kabla ya hapo, mwaka 1983, mahakama hiyo hiyo kwenye kesi ya wanandoa ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia, kwa hiyo huyo anayeambiwa "wewe ulikuwa unapika tu" asikubali kirahisi. Ila hizo ni kesi. Zina miaka, zina mawakili, zina nauli. Wengi wanaishia kutoka na begi la nguo na mtoto mgongoni, kaburi halijakauka.

Blogu na kurasa za udaku zina sehemu yao kwenye hili na hazina pa kujificha. Mwandishi anaona picha mbili za watu wamekumbatiana Kendwa, dakika kumi baadaye kichwa cha habari: "Mume mtarajiwa wa staa huyu hapa!" Nani kamwambia ni mume, na nani anamtarajia? Hakuna. Ni kwa sababu "mwanaume anayeonekana naye" haibofywi. Kesho yake dada anasoma, anajiona kavishwa cheo, anakipokea, anakiweka kwenye wasifu. Jamaa anasoma, anakaa kimya, maana kimya hakimgharimu kitu. Mwaka unapita, blogu ile ile inarudi na "Aliyekuwa mume mtarajiwa aonekana na mrembo mpya!" Imekula mara mbili kwa mtu mmoja. Kazi ya kuepuka haya ni ndogo mno. Ni simu moja kwa wahusika: barua imepelekwa? Imejibiwa? Kama imejibiwa, andika mchumba, kwa herufi kubwa hata, na hongera zao. Kama tarehe imepangwa na majina yanasomwa kanisani, hapo mtarajiwa limepata mwenyewe. Kama hakuna barua, Kiswahili hakijapungukiwa, kuna mpenzi, kuna bebi, kuna "wanaodaiwa kutoka pamoja". Na kama anaishi naye mwaka wa tano, wana mtoto, mtaa mzima unamjua, basi mwandishi awe na woga kidogo kabla ya kumwandika mtarajiwa, kwa sababu siku ya kikao cha mirathi ile linki bado itakuwepo.

Na dada mwenyewe, kabla ya kuandika kapsheni nyingine, ana kazi za maana zaidi ya kufanya. Jina liingie kwenye hati ya Kibada sasa hivi, wakati jamaa bado ana mapenzi. Risiti za saruji zisitupwe. Akihamia, mjumbe amjue, mwenye nyumba amjue, kwenye fomu ya shule ya mtoto na kwenye kadi ya bima aandikwe kama mke kama kweli anaishi kama mke. Mambo yakifika mahakamani, wanaoitwa kueleza ni hao: jirani wa mlango wa pili, mwenye duka aliyekuwa anawakopesha unga, shangazi aliyekuja arobaini ya mtoto. Wafuasi laki nane hawaitwi.